KUVUA BESI KATIKA ZIWA NAIVASHA: ZANA ZIFAAZO NA NJIA YA HALALI YA KUFIKA MAJINI

Watu wa pwani husema kwamba mvuvi ndiye ajuaye pweza alipo. Maana yake ni kuwa kuvua si bahati tu, bali ni elimu. Lakini elimu hiyo haiishii kwenye ndoana. Mtu aweza kuwa na ufito mzuri na mshipi wa kila namna, asipate hata samaki mmoja, kwa sababu amefika kandokando ya ziwa akakuta seng'enge na lango lililofungwa. Au, lililo baya zaidi, aweza kupenya mahali asipopaswa kupita, akajikuta mbele ya hakimu badala ya kuwa mbele ya maji.

Kwa hiyo somo hili lina sehemu mbili. Ya kwanza yahusu zana za kumvulia samaki aitwaye besi. Ya pili yahusu haki ya kufika majini. Mahali panapoelezwa hapa ni Ziwa Naivasha katika Kaunti ya Nakuru, kwa kuwa ndipo besi alipojulikana sana nchini Kenya, na kwa kuwa sehemu kubwa ya kingo za ziwa hilo imezungukwa na mashamba ya watu.

SAMAKI MWENYEWE

Besi wa mdomo mkubwa si mwenyeji wa Afrika. Asili yake ni Amerika ya Kaskazini. Aliletwa Naivasha mwaka 1929 ili wapendao kuvua kwa mchezo wapate samaki mwenye nguvu wa kushindana naye. Miaka minne kabla yake, yaani 1925, walikuwa wameletwa ngege. Kabla ya hao wote ziwa lilikuwa na aina moja tu ya samaki, nao walikuwa wadogo sana. Samaki hao wa asili walionekana kwa mara ya mwisho mwaka 1962. Mwaka 1970 waliingizwa kamba wekundu wa maji baridi wenye asili ya Marekani, na kamba hao wakawa chakula kikubwa cha besi. Tangu mwaka 2001 au karibu na hapo akaonekana samaki mwingine wa kigeni aitwaye kapi, ambaye baadaye aliongezeka mno akawapita wengine wote katika nyavu za wavuvi.

Besi ana rangi ya kijani mgongoni na weupe tumboni, na ubavuni ana mstari mweusi uliokatikakatika. Alama yake iliyo wazi ni mdomo. Taya lake la juu hufika nyuma ya jicho, na akiufunua mdomo wake huonekana kana kwamba kichwa chote ni mdomo. Wale wa Naivasha aghalabu ni wa kilo moja au mbili, na wengi ni wadogo kuliko hivyo.

Tabia yake ndiyo impasayo mvuvi kuijua kabla ya kununua kitu chochote. Besi hapendi kuzungukazunguka katikati ya maji matupu. Yeye ni mviziaji. Hukaa kimya kando ya mafunjo, chini ya magugu maji, au pembeni mwa gogo lililozama, akingojea kiumbe kipite; kisha hutoka ghafula na kukimeza. Hutumia macho yake sana, hivyo maji yakiwa machafu kwa matope ya mvua kazi yake huwa ngumu, na kazi ya mvuvi pia. Saa zilizo njema ni alfajiri na jioni, jua likiwa chini.

Kwa kuwa samaki huyu hujificha kwenye majani na miti, zana za kumvulia sharti ziweze kufanya mambo mawili: kutupa chambo kwa usahihi mpaka karibu na maficho yake, na kumvuta kutoka humo upesi kabla hajauzungusha mshipi kwenye shina la mafunjo. Mengine yote yafuata hayo mawili.

UFITO NA KIGURUDUMU

Ufito wa kumvulia besi yafaa uwe na urefu wa futi sita hadi saba, yaani kama mita mbili. Ulio mfupi zaidi hautupi mbali. Ulio mrefu zaidi humsumbua mtu aliye ndani ya mashua ndogo. Ncha yake iwe nyepesi ili mvuvi ausikie mguso wa samaki, lakini nusu yake ya chini iwe ngumu. Ufito ulio laini kama henzirani toka mwanzo hadi mwisho wafaa kwa ngege wadogo, lakini besi wa kilo mbili aingiapo katika mafunjo huupinda tu na kwenda zake.

Kabla ya kununua, mtu na aushike ufito kwa mkono mmoja, autikise kidogo, kisha azitazame pete zake moja moja. Pete yenye ufa, hata kama ni mdogo kama unywele, huukata mshipi. Mtu na apitishe kipande cha pamba ndani ya kila pete. Pamba ikinasa, pete hiyo ni mbovu.

Vigurudumu vya kukunjia mshipi viko vya namna mbili. Namna ya kwanza kibiringo chake hakizunguki wakati wa kutupa. Mshipi humwagika wenyewe kutoka juu yake. Namna ya pili kibiringo chake huzunguka pamoja na mshipi. Hii ya pili hupendwa na mafundi, kwa kuwa hutupa kwa usahihi mkubwa, lakini mtu asiyezoea hushindwa kukituliza kibiringo kwa kidole, na mara mshipi wote hufungamana kama kiota cha ndege. Anayeanza na achague namna ya kwanza. Atajifunza kwa asubuhi moja, na siku yake haitapotea katika kufumbua mafundo.

Kila kigurudumu kizuri kina breki. Kazi yake ni kuuachilia mshipi polepole samaki avutapo kwa nguvu, ili usikatike. Breki na ikazwe mpaka mshipi uanze kutoka kwa robo ya nguvu yake. Mathalan, mshipi wa kilo nane na uanze kutoka ukivutwa kwa uzito wa kilo mbili. Jambo hili hupimwa nyumbani kwa mizani ndogo ya kuning'iniza, wala si ziwani samaki akiwa amekwisha kushika.

MSHIPI NA FUNDO

Mshipi huuzwa ukiwa umeandikwa nguvu yake katika kilo au ratili. Mahali penye maji mawazi, mshipi wa kilo nne au tano watosha. Kando ya mafunjo na magugu maji, mvuvi na atumie wa kilo saba hadi tisa. Uko mshipi wa nailoni wa uzi mmoja, na uko uliosukwa kwa nyuzi nyingi nyembamba. Uliosukwa hauvutiki, nao hukata majani vizuri. Lakini bei yake ni kubwa, samaki huuona kwa urahisi katika maji maangavu, nao huweza kuikata ngozi ya mkono. Nailoni ni ya bei nafuu, hufungika vizuri, na kuvutika kwake kidogo humsaidia mtu ambaye bado mkono wake ni mzito.

Nailoni ina adui wawili: jua na mikwaruzo. Mshipi ulioachwa juani juu ya mashua kwa miezi huonekana mzima, kumbe nguvu zake zimekwisha. Kila baada ya kuvua, mvuvi na apitishe mita moja ya mwisho ya mshipi kati ya vidole viwili. Akisikia ukwaruzo, na akikate kipande hicho na kufunga upya.

Fundo ndilo mahali ambapo samaki wengi hupotea. Fundo jema na rahisi ni hili. Ncha ya mshipi hupitishwa katika tundu la ndoana. Kisha huzungushwa mara tano juu ya mshipi wenyewe. Kisha hurudishwa na kupitishwa katika kitanzi kidogo kilicho karibu na tundu. Tena hupitishwa katika kitanzi kikubwa kilichojifanya. Kabla ya kukaza, fundo hulowanishwa kwa maji au mate. Asiyelilowanisha huuchoma mshipi kwa msuguano, na fundo hukatika siku hiyo hiyo.

NDOANA NA CHAMBO

Ndoana yoyote sharti iwe kali. Namna ya kuipima ni kuiburuta ncha yake polepole juu ya ukucha. Ikishika, ni kali. Ikiteleza, na inolewe kwa tupa ndogo. Yafaa pia kuubana kwa koleo ule mwiba mdogo wa nyuma ya ncha, mpaka ulale. Samaki hatoki kwa urahisi maadamu mshipi umekazwa, na akiwa mdogo huweza kurudishwa majini bila kuchanwa mdomo. Tena ndoana isiyo na mwiba ikimchoma mvuvi kidoleni hutoka bila kupelekwa kwa daktari.

Chambo cha bandia ndicho kitumiwacho zaidi kwa besi, naye aweza kuanza na vya aina tatu tu:

1. Kibati king'aacho kama kijiko. Hutupwa mbali na kuvutwa kwa mwendo usio sawa, mara upesi mara polepole, kifanane na samaki mdogo aliyeumia. Hiki ni cha maji mawazi.

2. Samaki wa mti au plastiki aeleaye. Hutupwa karibu na mafunjo wakati wa alfajiri, huachwa kimya mpaka mawimbi yatulie, kisha hutikiswa kidogo.

3. Mnyoo au kamba wa mpira laini. Ncha ya ndoana hufichwa ndani ya mpira ili isinase majani, na chubwi ndogo ya risasi huwekwa mbele yake ili izame. Kwa kuwa besi wa Naivasha hula kamba wekundu, rangi nyekundu na ya kahawia zafaa. Hiki ndicho chambo cha kupenya mahali penye maficho.

Mambo mengine machache hayana budi kuwapo katika mfuko: koleo la kutolea ndoana, kisu, kipimo cha urefu, na wavu mdogo wenye mpini wa kumpokelea samaki.

JE, VITU GHALI HUSHINDA?

Watu wengi hudhani kuwa asiye na fedha nyingi hawezi kuvua samaki mkubwa. Historia ya besi mwenyewe yaonyesha vingine. Tarehe 2 Juni 1932, kijana mkulima wa jimbo la Georgia nchini Marekani, jina lake George Perry, alimvua besi mwenye uzito wa ratili 22 na aunsi 4, yaani kilo 10 na kidogo. Hiyo ilikuwa miaka ya shida kubwa ya fedha katika nchi yake, na zana zake zilikuwa chache na za kawaida. Samaki yule alipimwa, kisha akaliwa na jamaa ya kijana huyo. Mwaka 2009 Manabu Kurita alivua katika Ziwa Biwa, nchini Japani, samaki aliyelingana naye kwa uzito. Hata hivyo jina la Perry halikuondolewa katika orodha, bali yamewekwa majina yote mawili.

Basi mwenye fedha kidogo na azitumie kwa utaratibu huu: kwanza mshipi mpya, pili ndoana kali, tatu kigurudumu chenye breki njema, nne ufito, na mwisho vyambo vyenye rangi za kupendeza. Wengi hufanya kinyume. Hununua vyambo ishirini vyenye kung'aa na kuvifunga katika mshipi uliooza.

MAJI NI YA NANI?

Sasa yafuata sehemu ya pili, ambayo wavuvi wengi huipuuza mpaka siku wanapokutana na mlinzi.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 62, yahesabu maziwa na mito kuwa ardhi ya umma, kwa maana iliyowekwa na sheria za Bunge. Kwa hiyo Ziwa Naivasha si mali ya mtu mmoja, wala ya hoteli, wala ya shamba la maua. Lakini Katiba hiyo hiyo hulinda mali ya mtu binafsi, na iko sheria, Sura ya 294, imkatazayo mtu kuingia katika ardhi ya mwingine bila ruhusa. Maneno haya mawili hayapingani. Ziwa ni la umma. Njia iendayo ziwani huenda ikawa ya mtu. Mwenye haki ya kuyatumia maji hana haki, kwa ajili hiyo tu, ya kuruka ua wa jirani ili ayafikie.

Mambo yalivyofika hapo yana historia yake. Kabla ya wakulima wa Kizungu kufika, Wamaasai walikuwa wakinywesha mifugo katika ziwa hili. Mapatano ya mwaka 1904 yaliwaondoa katika Bonde la Ufa, na ardhi ya kandokando ya ziwa ikagawanywa kuwa mashamba. Mashamba hayo yalipouzwa na kugawanywa tena katika miaka iliyofuata, seng'enge zilibaki. Ndiyo sababu mpaka leo njia ya kufika majini, kwa mvuvi na kwa mchungaji, ni jambo lenye uchungu, na lapasa kutendewa kwa uangalifu na pande zote mbili.

Kuna shida nyingine: ziwa hili halitulii mahali pamoja. Hupungua na kupanuka kwa miaka mingi. Maji yakipungua, ardhi mpya huonekana kati ya shamba na ziwa. Na mwaka 1933 Serikali ya wakati ule ilifanya mapatano na wenye mashamba juu ya matumizi ya ardhi ya namna hiyo. Maji yakipanda, huyafuata mashamba na hata nyumba, kama ilivyokuwa mwaka 2020 ziwa lilipofurika mpaka mtaa wa Kihoto na kuwafukuza watu makwao. Kwa hiyo njia iliyokuwa kavu mwaka uliopita huenda ikawa chini ya maji mwaka huu, na mahali palipokuwa maji pakawa majani. Mvuvi asitegemee kumbukumbu zake za zamani. Na aulize upya.

Nchi nyingine nazo zimeupima mzigo huu. Katika mito ya Uingereza isiyofikiwa na maji ya bahari, haki ya kuvua aghalabu ni ya mwenye ardhi ya ukingo, na mtu mwingine hana budi kupata ruhusa yake, mbali na leseni ya ufito itolewayo na Serikali. Huko Marekani kila jimbo lina sheria zake. Katika jimbo la Montana, sheria ya mwaka 1985 yawaruhusu watu wote kutumia mito mpaka alama ya kawaida ya maji yakijaa. Lakini sheria hiyo haimruhusu mtu kukatiza shamba la mwingine ili aufikie mto. Kanuni ni ile ile: maji ni jambo moja, na njia ni jambo jingine.

NAMNA YA KUFIKA MAJINI KWA HALALI

Njia iliyo rahisi ni kwenda kwenye fuo za wavuvi zinazotumiwa na watu wote, kama vile Kamere, Karagita na ule ufuo wa mjini uitwao Central Landing. Huko kuna vikundi vya usimamizi wa fuo vilivyoundwa kwa sheria. Mgeni afikapo na aende kwanza kwa wazee wa kikundi, ajitambulishe, aeleze haja yake, na aulize mahali palipokatazwa. Yapasa kukumbuka kwamba ufuo ni mahali pa kazi. Tangu mwaka 1959, nyavu za biashara zilipoanza kutumiwa katika ziwa hili, ziko jamaa nyingi zinazopata riziki hapo. Mgeni asiegeshe gari lake mahali pa kushushia samaki, wala asiizibe njia ya ng'ombe waendao kunywa maji.

Njia ya pili ni kupita katika shamba au hoteli kwa ruhusa ya mwenyewe. Hapa hodi hufungua malango ambayo ubishi huyafunga. Mfano wake ni huu:

"Hodi, Bwana. Habari za kazi?"

"Njema. Nikusaidie nini?"

"Naomba ruhusa ya kupita kwenda ziwani kuvua kwa ufito. Tuko watu wawili. Tutaondoka kabla ya saa kumi na mbili jioni. Kibali cha uvuvi hiki hapa."

"Ngojeni, nimwulize msimamizi."

Mlinzi huyo hana mamlaka ya kutoa ruhusa yeye mwenyewe, na anayemkasirikia amkasirikia mtu anayefanya kazi yake. Msimamizi akikataa, jibu ni asante na kwaheri. Akikubali, mvuvi na aulize apite wapi, malango yaachwe namna gani, na kama kuna malipo. Lango lililokutwa limefungwa lifungwe. Lililokutwa wazi liachwe wazi. Ruhusa ya leo si ruhusa ya kesho, wala ruhusa ya mtu mmoja si ya rafiki zake kumi.

Njia ya tatu ni kwa mashua. Aliye ndani ya mashua yu juu ya maji ya umma, lakini ashukapo ufukoni yu tena katika ardhi ya mtu. Nchi kavu ya Crescent Island, kwa mfano, ni hifadhi ya mtu binafsi, na asiye na ruhusa hapaswi kushuka hapo hata kama ni kwa kupumzika tu.

Na wenye ardhi wana wajibu wao. Aliye na shamba kando ya ziwa hana ziwa. Hapaswi kuziba njia ya umma iliyokubaliwa, wala kumfukuza mtu aliye juu ya maji. Mvuvi aonaye njia ya umma imefungwa asikate seng'enge kwa mkono wake, maana kwa kufanya hivyo ataigeuza haki yake kuwa kosa. Na aandike mahali na tarehe, kisha apeleke malalamiko yake kwa kikundi cha ufuo, kwa chifu, na kwa ofisi ya ardhi au ya uvuvi ya kaunti. Malalamiko ya watu ishirini yaliyoandikwa vizuri yana nguvu kuliko ugomvi wa mtu mmoja langoni.

KIBALI, NYAVU ZA WENGINE, NA VIUMBE WA MAJI

Ruhusa ya mwenye shamba haimwondolei mvuvi wajibu wa kuwa na kibali. Uvuvi nchini Kenya huongozwa na Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya mwaka 2016. Avuaye kwa mchezo na achukue kibali chake katika ofisi ya uvuvi, na papo hapo aulize vipimo vya samaki na majira ambayo kuvua kumekatazwa. Makatazo hayo si mzaha. Mwaka 2001 uvuvi wa Naivasha ulifungwa kwa muda wa mwaka mmoja kwa kuwa samaki walikuwa wamepungua mno, na jamaa zilizotegemea nyavu zilipata taabu kubwa.

Ndoana ikinasa katika wavu wa mwingine, mvuvi na aukate mshipi wake mwenyewe. Asiukate wavu. Chambo cha bandia hununuliwa tena. Wavu ni chakula cha watoto wa mtu.

Kadhalika, besi dume huchimba kiota kwa mkia wake katika maji yasiyo na kina, na jike akisha kutaga, dume hukaa hapo akiyalinda mayai na watoto. Wakati huo hushambulia kitu chochote kipitacho, hivyo ni rahisi kumvua. Lakini amwondoaye dume kiotani amewafungulia mlango maadui wa mayai yote. Anayemwona besi akirudi mahali pale pale penye changarawe iliyosafishwa na amwache, aende mahali pengine.

Mtu asihamishe samaki hai, wala kamba, wala majani, kutoka Naivasha kwenda mto au bwawa jingine. Habari za ziwa hili zatosha kuwa fundisho. Samaki wake wa asili hawapo tena, na karibu wote wanaovuliwa ni wageni. Mashua na nyavu ndogo zisafishwe na kukaushwa kabla ya kupelekwa kwenye maji mengine.

Mwisho wa yote ni uhai wa mvuvi. Viboko hukaa karibu na mafunjo, mahali pale pale apendapo besi, na jioni hutoka kwenda malishoni. Mtu asisimame kamwe kati ya kiboko na maji. Mchana upepo huinuka na kuleta mawimbi yawezayo kuipindua mashua ndogo. Kwa hiyo kila mmoja avae jaketi la kuokoa maisha, na mashua irudi mapema.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini ufito wa besi huwa mgumu katika nusu yake ya chini?

2. Breki ya kigurudumu yafaa kuanza kuachilia mshipi wa kilo nane kwa uzito gani?

3. Kwa nini fundo la nailoni hulowanishwa kabla ya kukazwa?

4. Ikiwa ziwa ni la umma, kwa nini mtu aweza kushtakiwa kwa kulifikia?

5. Mvuvi akikuta njia ya umma imezibwa, afanye nini, na asifanye nini?

Atakayeyajibu maswali hayo bila kurudi nyuma kusoma, huyo yu tayari kwenda ziwani. Na aanze safari yake alfajiri, mshipi wake ukiwa mpya, kibali chake kikiwa mfukoni, na neno la hodi likiwa kinywani.